Naomba ushauri: mitungi ya gesi ya kampuni nyingine dukani

Wadau wa gesi ya kupikia Kenya, naomba msaada wenu. Kanuni za 2009 zililazimisha kampuni kubadilishana mitungi. Zile za 2019 zikaondoa sharti hilo: sasa mtungi hujazwa na mwenye nembo au aliyepewa naye idhini ya maandishi, na kubadilishana kunategemea makubaliano kati ya kampuni zenyewe. Naliunga mkono badiliko hili. Zamani kampuni iliyonunua mitungi ilibeba gharama, mjazaji haramu akavuna faida, na mtungi wenye kutu haukuwa na wa kuulizwa.

Ugumu uko kaunta. Mteja analeta mtungi mtupu wa kilo 13 wa nembo ambayo duka haliuzi. Ukiupokea, pesa zimelala stoo. Ukiukataa, anaenda kwa anayejaza kichochoroni.

Naomba kujua:

Je, mkataba wa muuzaji wa rejareja uandikweje ili msambazaji achukue mitungi ya nembo nyingine, na kwa muda gani?

Pia, mnapima kila mtungi mbele ya mteja? Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma: ukiwa kilo 13.4, uliojaa unapaswa kusoma 26.4. Mizani gani inahimili kazi hiyo kutwa nzima bila kupotoka?

La mwisho, mtungi ukitoa povu kwenye vali ukiupaka maji ya sabuni, yaani unavuja, msambazaji anaurudisha kwa gharama ya nani? Mwenye kipengele cha mkataba kinachofanya kazi anisaidie maneno yake.