Mashine ya mazoezi ya fimbo (sio vyuma), inajenga nguvu kweli au ni urembo wa sebuleni?

Duka_Makoroboi
Habari za usiku wakuu. Kuna mtu anahama huku Mwanza, Capri Point, anauza vitu vya ndani, kati ya hivyo ipo mashine ya mazoezi ya nyumbani, ile yenye kiti na waya, halafu kwa juu kuna fimbo nyeusi zinapinda ukivuta. Imeandikwa Bowflex. Anataka laki sita na nusu, maongezi yapo.

Mimi ni mtu wa kukaa dukani kutwa nzima, kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni na mgongo wa chini unauma. Gym ninayoijua ipo Kirumba, ila muda nafunga duka na wao wanafunga. Vyuma nyumbani haiwezekani, napanga ghorofani na chini yangu kuna mzee akisikia hata kijiko kimedondoka anapanda kugonga.

Sasa kwenye kitabu chake imeandikwa paundi 210. Hiyo ni sawasawa na kubeba kilo 95 za chuma au? Maana nilivuta kidogo pale nikaona laini mwanzoni halafu ghafla inakaza. Nataka nguvu, sio kupiga picha. Wenye uzoefu karibuni.

Chuma_Igoma
Mkuu hizo ni toys za wazungu. Laki sita na nusu mpe fundi welding yeyote huku Igoma, anakuchomelea benchi na stendi, unatafuta bomba zito, zege unamwaga kwenye makopo ya rangi ya lita 4 na ya lita 20, umemaliza, na chenji inabaki ya mayai mwezi mzima. Sisi wote tumetokea kwenye zege na vifua vipo. Fimbo ya plastiki itakupa nini?

Beringi_6204
Chuma_Igoma soma swali basi, jamaa kakwambia yupo ghorofani na chini kuna mzee mkali, wewe unampelekea ndoo ya zege, siku ikimponyoka saa nne usiku si anahamishwa na yeye?

Mleta mada, jibu la swali lako ni hapana, sio sawa na kilo 95 za chuma, ila pia sio utani. Chuma cha kilo 20 ni kilo 20 kikiwa chini na kilo 20 kikiwa juu. Fimbo zile ni nailoni ngumu, zinakaza kadri zinavyopinda, kama ufito wa kuvulia ukinasa sangara, mwanzo unalegea halafu ncha ikishainama ndio unajua umeshika nini. Kwa hiyo ile namba iliyoandikwa kwenye fimbo unaikuta karibu na mwisho wa mvuto, ukianza haupo hata karibu. Ndio maana uliona laini halafu ikakaza, haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Na hiyo 210 ni jumla ya fimbo zote za pande mbili. Kwa kawaida unapata pea moja ya paundi 5, pea mbili za 10, pea moja ya 30 na pea moja ya 50, hesabu uone. Zipo modeli zinakubali kuongezwa fimbo hadi 310 au 410, ila nyingine haziongezeki, muulize muuzaji ni modeli gani kabla hujatoa hela.

Faida yake kubwa kwa mtu kama wewe, haina kelele, haikudondokei kifuani ukiwa peke yako, na misuli haisomi lebo, inajua tu imekazwa kiasi gani na kama leo imekazwa zaidi ya wiki ile. Hasara ni pale chini mwanzo wa mvuto, hapo kazi ni ndogo, kwa hiyo nguvu ya kutoka chini unaitafuta kwingine, pushapu za kushusha kifua hadi karibu na sakafu, au begi umejaza mchele unachuchumaa nalo.

Mama_Nyegezi
Mwanangu wa Makoroboi, mimi ninayo ya kuvuta waya, sio ya fimbo, ile ya vyuma vilivyopangwa na pini. Nilianza baada ya goti, mtaalamu wa viungo akaniambia misuli ya paja ikiwa dhaifu goti ndio linabeba kila kitu. Naongea kwa upande wa sisi wa umri, maana vijana hapa mnafikiria vifua tu.

Kwanza kama una presha nenda kapime kabla ya chochote. Pili usibane pumzi, hapo ndipo watu wanapata kizunguzungu, unatoa pumzi wakati wa kusukuma, unavuta wakati wa kurudisha. Halafu kurudisha kwenyewe polepole jamani, wengi wanavuta kwa nguvu kisha wanaachia waya unarudi wenyewe paaa, nusu ya zoezi umeitupa na siku kifungo kikichomoka waya utakuchapa usoni.

Siku mbili tatu kwa wiki zinatosha sana, hata WHO wanasema angalau siku mbili za mazoezi ya nguvu kwa mtu mzima, na msuli uliofanya kazi leo kesho uache. Kwa mgongo wako fanya zoezi la kuvuta ukiwa umekaa, mgongo umenyooka, viwiko vinakwenda nyuma, hilo ndilo zoezi la mtu wa dukani. Maumivu yakishuka mguuni au ganzi ikiingia acha, nenda hospitali, mashine haitibu hilo.

Duka_Makoroboi
Wabeja sana mama, na wewe Beringi. Presha nilipima, ipo sawa. Sasa nianze na uzito gani, na nitajuaje naongezeka kama zile namba sio kilo za kweli? Na chakula je, naona watu wananunua makopo ya unga wa protini bei inatisha.

Beringi_6204
Namba za mashine zilinganishe na mashine hiyohiyo tu. Usije ukamwambia Chuma_Igoma unasukuma paundi 140 ukakutana naye kwenye zege ukaaibika. Chukua daftari la madeni huko dukani, ukurasa wa nyuma andika zoezi, fimbo zipi, mara ngapi. Chagua fimbo ambazo ukifika mara 8 unaanza kuhema, ya 12 inatoka kwa shida ila mwili haujapinda. Seti 2 au 3. Ukiona 12 zinatoka safi seti zote, ongeza pea ya paundi 5, hizo ni kama kilo 2 na kidogo kila mkono, basi. Kusukuma kifua, kuvuta mgongo, kusukuma juu kwa mabega, miguu. Vya mkono mkono achia mwisho.

Miguu ndio pabaya, paja la mwanaume anayetembea linazizoea hizo fimbo mapema. Fanya mguu mmoja mmoja. Au hamia milimani Mabatini upande ndoo ya maji kila asubuhi, wale hawana haja ya mashine.

Protini tunalala nayo hapa Mwanza halafu tunanunua makopo. Kiwango kinachotajwa sana kwa anayejenga misuli ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 70 ni kama gramu 112 kwa siku. Yai moja gramu 6, sato gramu 100 za nyama ni kama gramu 20, dagaa wakavu ndio usiseme. Pita soko la samaki Mwaloni.

Chuma_Igoma
Haya nimekubali kuhusu mzee wa chini 😂 ila bado nasema mwenye nafasi akamwage zege. Mbona mabingwa hawatumii fimbo?

Beringi_6204
Kwenye vyuma vizito sibishani na wewe. Ila kusema bila chuma hakuna nguvu ndio hapana. Wanaanga kule ISS, kituo cha kimataifa cha anga za juu, chuma hakina uzito kabisa, wangefanyaje? Mwanzo walikuwa na mashine ya kukaza mipira inaitwa iRED, mwisho wake kama kilo 136, na mifupa ikaendelea kupungua. Mwishoni mwa 2008 wakapelekewa ARED, ina mitungi yenye ombwe (ndani hewa imeondolewa), inafika kilo 272, hali ikawa nafuu kubwa. Kwa hiyo hoja yako ina ukweli nusu, kinachotakiwa ni mzigo wa kutosha, kama unatoka kwenye chuma au mtungi mwili haujali.

Mleta mada ukienda kuiona nenda mchana. Toa fimbo moja moja uzipinde kwenye mwanga, ukiona mstari mweupe au ufa achana nayo, ikipasuka ikiwa imepinda sio mchezo. Kama alikuwa anaziacha zimefungwa kwenye waya wiki nzima zitakuwa zimekaa upinde, hazirudi. Waya upitishe vidoleni kwa kitambaa pale unapoingia kwenye puli, plastiki ikichubuka nyuzi za ndani zinakatika taratibu. Puli zizungushe kwa mkono, zikikwaruza beringi unapata hapahapa mjini, ila fimbo na waya halisi ni kuagiza, na kampuni yenyewe ilifilisika Machi 2024 ikanunuliwa na Johnson Health Tech, kwa hiyo vipuri vya modeli za zamani usivitegemee. Kwa sababu hiyo laki sita na nusu ni nyingi, anza na nne. Na isikae dirishani, jua linaua nailoni.

Duka_Makoroboi
Jumapili mchana naenda na tochi juu. Ya kubebea nimeshapata mtu wa kirikuu, shida ngazi.

Wa_Kisesa
Mkuu ukiiacha nirushie namba yake inbox. Mimi hata fimbo moja ikiwa na ufa nachukua, ila sio kwa laki sita na nusu.