Kugeuza ndege ndogo kuwa chombo cha majaribio kinachoongozwa kutoka ardhini: rubani abaki ndani mpaka lini?

Swali

Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu kina ndege ya viti vinne yenye injini moja ya pistoni, nasi tunakusudia kuigeuza iongozwe kutoka ardhini ili tuchunguze tabia yake inapopoteza mnyanyuo na inapoanguka kwa kujizungusha, hali ambazo hatutaki kumweka mtu ndani yake. Tumekwisha kupima nguvu inayohitajika kusogeza usukani na kanyagio, na tumepata mota za servo (mota zinazosogeza usukani na kanyagio kwa amri) zinazotosha. Je, tumwondoe rubani tangu safari ya kwanza, au tuanze akiwa ndani? Na ni jambo gani ambalo wahandisi hulisahau katika kazi ya namna hii?

Jibu la kwanza

Mwacheni rubani ndani, tena kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Katika miaka ya 1970 NASA, shirika la anga la Marekani, kwenye kituo chake cha Edwards huko California, ilitumia Piper PA-30 Twin Comanche kwa njia hiyohiyo: rubani mmoja aliiongoza kutoka ardhini, na mwingine alikaa ndani tayari kuichukua. Kituo hichohicho kilichunguza mianguko ya kujizungusha kwa mfano wa ndege ya kivita ya F-15 wenye ukubwa wa 3/8 ya ndege halisi, ulioanza kudondoshwa kutoka ndege kubwa ya B-52 mwaka 1973 na kuongozwa na rubani aliyekuwa chini.

Rubani huyo wa ndani ana faida ikiwa tu anaweza kuishinda mota. Kila servo iwe na klachi inayojiachia yenyewe pale umeme unapokatika, kitufe cha kuukata kiwe kwenye usukani wenyewe, na klachi iteleze mkono wa mtu ukiilazimisha. Msiridhike na hesabu za karatasini: ndege ikiwa imesimama, iamuruni servo isukume hadi mwisho, kisha pimeni kwa mizani ya springi nguvu anayohitaji rubani kuirudisha.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naona jambo linalosahaulika zaidi ni ucheleweshaji. Picha hutoka kwenye kamera, ikabanwa, ikarushwa kwa redio, ikafunguliwa na kuonyeshwa. Ndipo amri ya rubani inaporudi juu hadi kwenye servo. Kiwango cha kijeshi cha Marekani cha MIL-F-8785C kiliruhusu ucheleweshaji wa sekunde 0.10 kwa uongozaji mzuri, na sekunde 0.25 kwa daraja la chini kabisa linalokubalika. Video ya kidijitali peke yake inaweza kuimaliza akiba hiyo yote, na rubani akaanza kuiyumbisha ndege kwa masahihisho yanayofika yakiwa yamechelewa.

Dawa ya kawaida ni kuiachia kompyuta iliyo ndani ya ndege kazi ya kutuliza mwinamo, ili rubani aagize pembe tu. Lakini kwenu hapo pana mtego, kwa sababu kompyuta inayotuliza ndege itaificha tabia ileile mnayotaka kuipima. Wekeni hali ya pili ya kuongoza moja kwa moja, iwashwe mkiwa juu sana na kwa muda wa jaribio tu.

Kumbukeni pia Boeing 720, ndege ya abiria iliyoongozwa kutoka ardhini na kuangushwa kwa makusudi katika jaribio la tarehe 1 Desemba 1984. Ilikuwa imefanya safari 14 za maandalizi zenye marubani ndani, na bado siku yenyewe bawa la kushoto lilitangulia kugusa ardhi.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Sikuwa nimeifikiria hiyo hali ya pili. Mawasiliano yakikatika ndege ikiwa inajizungusha, kompyuta ifanye nini?

Jibu la tatu

Tegemeeni kwamba yatakatika, kwa sababu ndege inapozunguka, mwili wake huizibia antena mawimbi ya redio. Fungeni antena mbili, moja juu na moja chini, na data zote zihifadhiwe ndani ya ndege, si kutegemea zile zinazorushwa tu. Amri za kutoka kwenye mzunguko ziwe tayari kwenye kompyuta, zianze zenyewe ndege ikishuka chini ya kimo mlichokubaliana, hata kama redio iko kimya.

Mwisho, pimeni uzito upya baada ya kuondoa viti na kufunga vifaa. Kitovu cha uzito kikirudi nyuma hata kidogo, ndege iliyokuwa ikitoka kwenye mzunguko kwa urahisi inaweza kukataa kabisa, na hapo parashuti inayofungwa mkiani ili kuuvunja mzunguko ndiyo itakayoiokoa. Mamlaka ya usafiri wa anga itauliza habari za parashuti hiyo kabla ya kuwapa eneo la kurukia, kwa hiyo ijaribuni ardhini kwanza.