Wenye ulemavu wenzangu: kujikinga na VVU mlifundishwa na nani, na kituoni mlipokelewaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salama? Natumia kiti mwendo. Nilienda kupima VVU, nesi akaniruka, akamuuliza kijana aliyenisukuma: "Huyu anaumwa nini?" Nikajibu mwenyewe kuwa nataka kupima. Akacheka kidogo: "Na wewe?" Tukionekana hatuna mapenzi, nani atahangaika kutufundisha? Kondomu nilielekezwa na dereva bajaji. Haya, na nyie?

Mdau, Mwanza: Mimi kiziwi. Kituoni hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, nikaenda na mdogo wangu wa kike. Mshauri akauliza nina wapenzi wangapi. Mdogo wangu akatafsiri huku anatazama sakafu. Nikajibu mmoja. Mlitaka niseme ukweli mbele yake? Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ni siri, ila yangu yanapitia mikononi mwa ndugu. Siku hizi naandika kwenye simu, mshauri anajibu humo humo. Viziwi ambao hawakusoma ndiyo wamekwama.

Mdau, Morogoro: Sioni. Sheria ilirekebishwa 2019, kujipima mwenyewe ruksa, safi sana. Lakini kile kipimo cha mate majibu yake ni mistari. Nisomewe na nani, jirani? Kondomu nayo, tarehe ya kuisha muda haipapasiki, na muuza duka ukimwomba akusomee anasoma kwa sauti ya mnada! Angalau hili nalifanya mwenyewe: nabonyeza pakiti, nikisikia upepo ndani, nzima, ikiwa bapa, imetoboka, natupa.

Mama, Tabora: Binti yangu ana ulemavu wa akili, ni mtu mzima sasa. Naambiwa nikimfundisha nitamfungua macho. Nimemfundisha kwa mdoli: hapa haguswi na mtu, na akiguswa amwambie nani. Wazazi wenzangu, mtoto akibakwa msimwogeshe, mkimbizeni hospitali. Dawa za PEP, za kuzuia VVU visimshike, lazima zianze ndani ya saa 72, anameza siku 28. Kikao cha ukoo kitasubiri.

Mdau, Mbeya: CTC yetu, kliniki ya wanaoishi na VVU, iko ghorofani. Siku ya dawa nabebwa mgongoni, foleni nzima inajua naenda wapi.

Mleta mada: Pole sana wa Mbeya. Kama virusi vimefubaa, waombe wakupe dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, utaratibu huo upo. Wengine endeleeni.