Tupeane uzoefu: Edmonton, Kanada, na watoto, wapi mmewapeleka wakaiona historia kwa macho yao?

Mama Shufaa
Habari zenu wapendwa. Shule zinafunga wiki ijayo na safari hii mama mkwe wangu yuko hapa, katoka Tanga kuja kuwaona wajukuu, kwa hiyo nina watoto watatu na bibi yao na sitaki likizo yote iishie kwenye lile jumba la maduka, West Edmonton Mall. Pale ni pazuri sikatai, bwawa la mawimbi watoto wanalipenda mno, ila wakitoka hawajajua chochote kuhusu mji wanaokulia. Naanza mimi halafu nanyi mseme.

Jumamosi nimewapeleka Fort Edmonton Park. Unapanda treni ya mvuke, ya ukweli kabisa inapiga honi na moshi unatoka, inakushusha kwenye ngome iliyojengwa upya kama ilivyokuwa 1846, enzi za kampuni ya Hudson's Bay ikinunua manyoya ya wanyama kutoka kwa wenyeji. Ukishatoka hapo unatembea kwa miguu huku miaka inasogea, kuna mtaa wa 1885, ukimaliza unaingia 1905, mwisho 1920, na wafanyakazi wamevaa mavazi ya wakati huo wanaongea na watoto, unauliza wanakujibu. Kijana wangu aliganda kwa mhunzi akagoma kuondoka.

Sasa tumefika mtaa wa 1920 mama mkwe akasimama ghafla, akanishika mkono, "Mwanangu, ule si msikiti?" Nikamwambia ndio mama, ni Al Rashid, msikiti wa kwanza kujengwa Kanada nzima, 1938. Nilikuwa najua upo ila sikuwahi kuusimulia vizuri mpaka siku ile. Kulikuwa na mama mmoja wa Kilebanoni, Hilwie Hamdon, yeye na wenzake walikwenda kwa meya kuomba kiwanja, wakaambiwa pesa ya kujengea mnayo? Wakapita duka kwa duka Jasper Avenue wakichangisha, Waislamu, Wakristo na Wayahudi wote walitoa. Na fundi aliyeujenga alikuwa Mukraine ambaye hakuwahi kujenga msikiti maishani mwake, ndio maana ukiuangalia unafanana na makanisa yao. Ulivyofunguliwa Abdullah Yusuf Ali, yule aliyetafsiri Kurani kwa Kiingereza, alikuwepo. Baadae miaka ya themanini ukataka kubomolewa, wanawake wa Kiislamu ndio waliosimama kidete mpaka ukahamishiwa pale, na 1992 ukafunguliwa tena.

Mama akaomba aswali rakaa mbili, akaswali. Watoto walikuwa wamekaa kimya nyuma yake, na hao watoto kukaa kimya jamani mnajua wenyewe. Binti yangu wa miaka tisa akaniuliza kwa hiyo sisi tulikuwepo hapa zamani? Nimelala na hilo swali siku tatu.

Haya, nani anafuata?

Baba Espoir
Mama Shufaa asante sana, umenigusa kwenye huyo fundi Mukraine. Sisi tuliwapeleka watoto kwenye kijiji cha urithi wa Waukraine, kiko barabara kuu ya 16 kwenda mashariki, kama nusu saa kwa gari. Pale ni makumbusho ya wazi, nyumba za zamani zimehamishiwa pale na kila nyumba ina mtu anayeishi kama mwenye nyumba wa miaka ile, na hatoki kwenye nafasi yake hata kidogo! Mwanangu alitoa simu apige picha, yule mama wa shamba akamuuliza hicho kioo kidogo ni cha nini, akamtuma amletee kuni.

Lakini kilichonishinda mimi ni nyumba ya kwanza ya mhamiaji. Imechimbwa nusu chini ya ardhi, paa la nyasi na udongo, ndani giza, watu walipita winta ya huku humo na watoto wao. Mimi nimetoka Bukavu nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na moja, nyumba yetu kambini tuliijenga kwa tope kwa mikono yetu na wanangu wawili wamezaliwa humo, huyu mdogo hakuiona. Nikamwambia ingia, shika ukuta. Nikamwambia ya kwetu ilikuwa karibu na hivi. Akanishika mkono hatukuongea mpaka tumerudi kwenye gari.

Mkirudi pitieni Elk Island, iko jirani kabisa, kuna nyati wa kule wanaitwa baisani wanatembea tu. Msishuke garini wakiwa karibu, ni wakali.

Wanjiku wa Edmonton
Nimesoma zote mbili nikalia kidogo. Naongezea kitu, pale Fort Edmonton msipite haraka mkakimbilia farasi wa kuzunguka, anzeni na jengo la wenyeji wenyewe, lilifunguliwa 2021, Wakrii na Wametisi wanasimulia yao kwa sauti zao, pamoja na Mkataba wa Sita wa 1876, kati yao na serikali ya Malkia, na zile shule za bweni walikopelekwa watoto wao baada ya kunyang'anywa. Kwa watoto wadogo mtachagua cha kuwaeleza, ila wangu wa darasa la sita alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, maana cucu wake, yaani bibi yake, ameshamsimulia vile ardhi yetu ilichukuliwa Kiambu. Mji huu kwa Kikrii una jina lake, maana yake nyumba ya vilima vya beva, yule mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa. Wafundisheni.

Na kama mna wanaopenda magari, kuna tramu, magari ya reli ya mjini, za zamani zinapita juu kabisa ya High Level Bridge, daraja la 1913, moja imetoka Osaka na nyingine Melbourne. Unaona mto wote chini. Mwanangu mdogo anaogopa urefu lakini alikaa dirishani.

Mama Shufaa
Baba Espoir, pole na asante kwa kutuamini na hiyo habari. Mama amesomewa yote, amesema anataka kuiona hiyo nyumba ya chini ya ardhi. Basi Jumapili ijayo twende pamoja, gari letu lina nafasi mbili, natoka na maandazi na chai ya tangawizi kwenye chupa. Wanjiku na wewe ulete watoto. Vaeni viatu vya kutembea na mbebe kofia, na dawa ya mbu msisahau, mbu wa Alberta hawana huruma.