Msaada wakuu: ukuhani wa waliobatizwa, nianzie wapi?

Mleta mada: Wakuu, shikamooni. Nafundisha darasa la kipaimara 1 Petro 2:9, "ukuhani wa kifalme". Nina saa moja tu. Swali litakalokuja nalijua: kama kila aliyebatizwa ni kuhani, padri wa nini? Wakristo wa kale walilijibuje?

Mchanga_wa_Pwani: Anza na Kutoka 29, Petro atasubiri. Mstari wa 4 Haruni na wanawe wanaoshwa kwa maji, wa 7 Haruni anamiminiwa mafuta kichwani. Kisha soma Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago (Afrika Kaskazini), kitabu chake cha ubatizo, sura ya 7 (mwaka 200 B.K. hivi). Anasema mtu akitoka majini hupakwa mafuta yaliyobarikiwa, kama Haruni alivyopakwa na Musa. Maji, halafu mafuta. Darasa litaona lenyewe kwamba mbatizwa anafanyiwa kama kuhani.

Kinubi: Ila usiseme ilikuwa hivyo kila mahali. Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa kwanza, sura ya 7 inataka maji yanayotiririka. Yakikosekana, tumia maji mengine; hayo nayo yasipotosha, mimina kichwani mara tatu. Mbatizwa afunge siku moja au mbili kabla. Mafuta hayatajwi hapo.

Mzee_wa_Kona: Shida kubwa ni maneno. Kigiriki kina *hiereus*, kuhani wa sadaka, na *presbyteros*, mzee. Agano Jipya haliwaiti wazee wa kanisa *hiereus*. Waebrania inampa Yesu ukuhani huo, Petro na Ufunuo wanawapa waamini wote. Hata "kasisi" yetu ilipita Kiarabu ikitoka Kiaramu, na huko maana yake ni mzee. "Padri" ni baba, kwa Kireno. Andika hayo ubaoni mapema, la sivyo mtabishana saa nzima.

Mleta mada: Asanteni wakuu, hapo kwa kasisi nimepata kitu. Na nani aliruhusiwa kubatiza?

Mchanga_wa_Pwani: Tertullian huyohuyo, sura ya 17. Haki ni ya kuhani mkuu, yaani askofu. Kisha mapadri na mashemasi kwa idhini yake. Mlei, yaani muumini asiye na daraja, abatize penye dharura tu. Uwezo anao, maana kilichopokewa sawasawa chaweza kutolewa sawasawa. Kinachomzuia ni utaratibu, kwa kuwa kugombea kazi ya askofu huzaa mafarakano. (Wanawake kawafungia mlango kabisa, jiandae kwa swali hilo pia.)

Kinubi: Kwa lile swali lako la padri, mpe nafasi Augustine, askofu wa Hippo, kitabu chake *Mji wa Mungu* 20:10. Maaskofu na mapadri huitwa makuhani kwa namna yao ya pekee. Lakini kama wote huitwa Wakristo kwa sababu ya mafuta (Kristo ni "mpakwa mafuta"), ndivyo wote walivyo makuhani, kwa kuwa ni viungo vya Kuhani mmoja.