Naomba ushauri: milango ya kabati la jikoni imebonyea na kukwaruzika

Wakuu, habari zenu.

Makabati yetu ya jikoni yana milango ya mninga iliyopakwa vanishi, ila pembeni na chini ni MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi). Sitaki kung'oa. Mninga bei yake mnaijua, na mbao zenyewe bado nzima kabisa.

Mikwaruzo hainitishi: nitapiga msasa namba 240, kisha 320, kwa kufuata nyuzi za mbao, nifute vumbi na kurudishia vanishi nyembamba.

Shida ni sehemu zilizobonyea kwa kugongwa na masufuria. Kuna njia ya kuweka kitambaa chenye unyevu juu ya bonyeo na kupitisha pasi ya moto, mvuke uvimbishe nyuzi zilizokandamizwa. Kwa mbao halisi inaniingia akilini. Je, nikwangue vanishi kwanza ili mvuke upenye, au kutoboa matundu madogo ya sindano kunatosha? Naogopa vanishi isije ikaweka ukungu mweupe. Na mkipata ufa, mnajaza kwa unga wa mninga na gundi nyeupe au fila ya dukani? Rangi ipi inashabihiana zaidi?

Halafu ubao wa chini ya sinki umevimba kwa maji. Fundi anasema tupake fila tu. Mimi naona huko ni kuficha ugonjwa, maana MDF ikishavimba hairudi. Aliyewahi kukata kipande hicho bila kufungua sinki, alianzia wapi?