Mafuvu ya biskuti kwa Día de Muertos: ute wa yai, unga wa meringi, fondanti au glezi?

mama_pacha (Chicago)

Wadau wa oveni, salamu. Nimejitia kitanzi mwenyewe. Darasa la wanangu linaandaa ofrenda, ile meza ya kuwakumbuka marehemu kwenye Día de Muertos, Siku ya Marehemu ya Wamexico, na mwalimu alipouliza nani ataoka, mkono ukapanda kabla akili haijakaa sawa. Biskuti 40 zenye umbo la fuvu, zifike shuleni kabla ya tarehe 1 Novemba. Nakaa Pilsen, mtaa ambao ukipita Barabara ya 18 asubuhi harufu ya mikate ya Kimexico inakufuata mpaka kituoni. Watakaokula wanajua, siwezi kuzuga.

Biskuti yenyewe hainisumbui. Unga wa ngano gramu 350, siagi 225, sukari 150, yai moja, vanila, chumvi chembe. Hamira ya keki sitii kabisa, maana fuvu likivimba linakuwa kiazi. Donge linalala kwenye friji saa moja, nasukuma unene wa milimita 6, oveni nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 10 mpaka 12.

Kinachoniumiza kichwa ni cha juu. Nimejaribu sita sita:

Ute wa yai: mayai makubwa matatu, sukari ya aisingi gramu 450, matone ya limau. Meno ya fuvu yanatoka membamba kama uzi. Lakini ni yai bichi, na walaji ni watoto wa watu.

Unga wa meringi (ute uliokaushwa, unauzwa kwenye kopo): vijiko vitatu vya meza kwa sukari ileile, na maji ya vuguvugu vijiko vitano. Karibu sawa na wa kwanza, ila ladha yake kwangu imepooza.

Fondanti (donge laini la sukari, linasukumwa kama chapati): nimeikata kwa kikatio kilekile, nikabandika. Haraka mno. Wanangu waliibandua yote, wakala biskuti, wakaniachia ngozi za mafuvu kwenye sahani.

Glezi ya maziwa na sirapu ya mahindi: tamu kuliko zote, inang'aa, jino linapita. Ila nikichora mstari unatanuka, fuvu linaonekana limekesha.

Kura zenu tafadhali.

fundi_mbezi (Dar es Salaam)

Dada, unga wa meringi, tufunge mjadala. Yai bichi kwa watoto wa watu usithubutu. Huko Marekani mamlaka ya chakula yenyewe inashauri kitu kisichopikwa kitiwe mayai yaliyopashwa moto kiwandani, bila kuiva, kuua vijidudu. Mtoto mmoja akiharisha, hata kama kisa ni chipsi za jana, mwenye kesi ni wewe.

Kuhusu ladha kupooza: tia vanila isiyo na rangi na chumvi ya ncha ya kisu, utaniambia.

Wengi wanaoilaumu meringi kosa lao ni maji. Unatakiwa uwe na uzito wa aina mbili kutoka bakuli moja. Wa kwanza ni wa ukingo na meno: ukiinua mwiko kilele kinasimama, ncha yake inalegea kidogo tu. Wa pili ni wa kujazia: pitisha kisu juu ya aisingi, hesabu. Mstari ukijifunga kati ya sekunde 15 na 20 umepata. Chini ya hapo inamwagika nje ya ukingo, juu ya hapo inabaki na mabonde. Maji ongeza matone kwa matone, usimimine kama unakoroga uji.

Na mafuta ni adui. Bakuli la plastiki lililowahi kupigia siagi liweke pembeni, tumia la chuma au la kioo, ulifute kwa limau kwanza. Nilishapoteza kilo nzima ya sukari kwa sababu ya bakuli moja.

Halafu nyeusi. Fuvu bila macho meusi ni yai lenye tabasamu, kwa hiyo nyeusi huikwepi. Usianze na nyeupe ukaimwagia rangi mpaka iwe chungu. Toa vijiko viwili vya sukari, weka vijiko viwili vya kakao, ipate hudhurungi kwanza, kisha rangi nyeusi ya jeli kidogo. Ifunike ilale usiku mzima, itakolea yenyewe. Rangi ya maji ile ya chupa ndogo iache, inalainisha aisingi.

baba_anaoka (Nairobi)

Mnamdhulumu fondanti. Hesabu muda jamani: biskuti 40, kila moja ukingo, kujaza, kusubiri, macho, pua, meno, maua. Huyu mama ana watoto pacha na kazi.

Kosa alilofanya ni kubandika kwenye biskuti iliyopoa. Sukuma fondanti nyembamba, milimita 2, uiweke biskuti ikiwa imetoka tu ovenini. Joto linaishika, haibanduki ng'o. Ikipoa unapata uso laini kama karatasi, unawapa watoto kalamu za rangi ya chakula wanachora wenyewe. Wewe unakunywa chai.

shungi_la_kale (Mombasa)

Baba wa Nairobi, huko kwenu kuna baridi. Huku pwani fondanti hutoka jasho kama bwana harusi. Asubuhi waikuta imelowa, inanata kwa vidole, rangi zimeshuka mashavuni. Aisingi ya ute nayo ile saa nane mpaka kumi na mbili ya kukauka mnayoisoma kwenye mapishi, kwangu ni siku na nusu na feni juu. Lakini huyu yuko Chicago, Novemba hita zinawaka, hewa kavu, kwake zote zitakauka. Haya.

Mie neno langu ni jengine. Mama pacha, angalia kopo la fondanti, nyingine zina jelatini na huenda si ya ng'ombe. Mukiwa na watoto wa Kiislamu darasani, soma kwanza. Na ukiamua kufuata biskuti za asili za Wamexico, polvorones na hojarascas, wazee wao huzifanya kwa mafuta ya nguruwe. Badilisha samli, ladha haina hasara. Kwani polvorón ni nini? Ni nankhatai iliyovuka bahari! Unga, mafuta, sukari, inavunjika mdomoni ikawa vumbi, na jina lenyewe latokana na neno lao la vumbi. Wao watia mdalasini, sisi twatia iliki.

mtumishi_wa_oveni (Mbeya)

Samahani, naingia pembeni. Hii ya mafuvu na meza za marehemu si mambo ya mizimu kweli? Watoto wetu tunawafundisha nini? Hata Halloween nilikataa.

mama_pacha (Chicago)

Ndugu yangu, nilimuuliza jirani yangu, mama mtu mzima wa Michoacán, jimbo la Mexico, kama ni Halloween yao. Alinitazama mpaka nikajuta. Siku zenyewe ni Watakatifu Wote na Marehemu Wote za kanisani, 1 na 2 Novemba, zikachanganyika na desturi za watu wa kale wa huko. Ya kwanza wanakumbuka watoto waliotangulia, ya pili watu wazima. Hakuna anayetishwa. Kama moyo wako haukubali sikushawishi, ila hapa tunabishana kuhusu sukari.

chilango (Nairobi, zamani Mexico City)

Nilikaa Mexico City miaka mitatu kikazi, niruhusuni nichokoze kidogo. Mnalinganisha vitu vinne, lakini kwanza jiulizeni mnaiga nini.

Biskuti ya fuvu yenye aisingi haikuanza kama biskuti. Inaiga calaverita, fuvu la sukari tupu lililomwagwa kwenye kalibu na kupambwa kwa aisingi nzito ya rangi kali. Kazi hiyo wanaiita alfeñique, na mjini Toluca kila mwaka hufanyika soko zima la vitu hivyo: mafuvu, majeneza madogo, kondoo, vyote sukari. Juu ya paji la uso huandikwa jina. La marehemu likiwekwa mezani, au la rafiki aliye hai ukitaka kumpa zawadi. Mara ya kwanza mfanyakazi mwenzangu kunipa fuvu lenye jina langu nilidhani ananitakia mabaya. Wenzangu walicheka wiki nzima.

Sasa angalieni yale mafuvu vizuri. Mistari yake ni minene, imeinuka, ina mikunjo, haijalazwa bapa. Yule fundi anachora kwa mkono wa haraka, jicho moja kubwa kuliko jingine, petali za maua kuzunguka macho, kijikaratasi cha kung'aa kwenye tundu la jicho. Kwa hiyo fuvu lililojazwa laini kama kioo ni zuri, ila ni la Instagram. Kwa mtindo wa kule mimi ningetumia aisingi nzito ya meringi moja kwa moja kwenye biskuti tupu, bila kujaza. Rangi ya biskuti iliyookwa ndiyo mfupa wenyewe.

Mkitaka fuvu la mwanamke mwenye kofia kubwa ya manyoya, huyo ni Catrina. Alichongwa na José Guadalupe Posada, mchora vikaragosi wa Mexico aliyefariki 1913, kuwakejeli waliojifanya Wazungu. Mchoraji Diego Rivera akamvisha gauni zima kwenye mchoro wake wa ukutani wa 1947, niliuona pale Mexico City karibu na bustani ya Alameda. Mzuri, lakini kofia ile kwenye biskuti ya sentimita 8 itakutoa machozi. Achana nayo.

Rangi moja usiikose: chungwa la cempasúchil, ua la marehemu. Soko la maua liitwalo Jamaica, palepale Mexico City, mwishoni mwa Oktoba linawaka chungwa mpaka macho yanauma.

Na mvivu kama mimi kuna njia ya tano ambayo hamkuitaja: grageas, vile vipunje vidogo vya sukari vya rangi. Unachovya biskuti mbichi upande mmoja, unaoka. Hakuna kukausha, hakuna mfuko wa kupambia.

halwa_na_kahawa (Muscat)

Kwa faida tu: hilo neno alfeñique ni letu, yaani la Kiarabu. Al-fanid, sukari ya kuvutwa, na Waarabu nao waliliokota Uajemi. Lilipita Hispania likapanda meli. Haya, endeleeni na mafuvu.

shungi_la_kale (Mombasa)

Si niliwaambia ni nankhatai.

fundi_mbezi (Dar es Salaam)

Chilango umenishinda kwa hoja ya mistari minene, nakubali, ingawa aisingi nzito tupu inakauka ngumu kama chokaa, na mtoto wa miaka sita ana meno ya kuhesabu. Mama pacha, changanya: jaza nyeupe nyembamba katikati, petali na meno chora kwa nzito. Lakini acha nyeupe ishike kwanza. Dakika 30 mbele ya feni kwa maua ya rangi nyepesi. Nyeusi na nyekundu zisubiri usiku kucha, la sivyo zitavuja na asubuhi kila fuvu litakuwa limelia wanja.

mama_pacha (Chicago)

Mrejesho, kwa aliyebaki macho.

Nilifuata mchanganyiko wa fundi. Unga wa meringi na vanila, na kweli chumvi ilifanya kazi yake. Nyeupe nilijaza Jumanne usiku, Jumatano jioni nikachora. Nyeusi ya kakao ilitoka safi kwenye 31. Tisa zilivuja. Hizo ndizo nilizochora kwanza, Jumanne ileile, kwa kukosa subira, kwa hiyo silalamiki, nilionywa. Chungwa nilichanganya njano nyingi na nyekundu tone moja, nikazungushia macho petali fupi kwa ncha ya mfuko.

Fondanti kwenye biskuti ya moto nayo nilijaribu, baba wa Nairobi. Inashika kweli, haibanduki. Tatizo ni kwamba biskuti ikipoa chini ya ile ngozi inabaki na unyevu, siku ya pili imelegea. Kwa sherehe ya siku hiyohiyo ningeichukua.

Jirani yangu wa Michoacán alikuja kukagua. Aliniambia meno ni mengi mno, fuvu si mamba. Akashika mfuko, akachora mawili mwenyewe kwa sekunde kama kumi, jicho moja kubwa kuliko jingine kama alivyosema chilango. Yale mawili ndiyo watoto waliyagombania.

Nilikuwa nimetengeneza na nankhatai za samli kidogo, nikazichovya grageas upande mmoja kabla ya kuoka. Zimeondoka na jirani, sahani bado haijarudi.

mgeni_mpya (Arusha)

Asanteni kwa somo. Kikatio cha fuvu huku sijakiona dukani, mnafanyaje?

mama_pacha (Chicago)

Kata duara kwa glasi, kisha punguza pande mbili za chini kwa kisu, hiyo ndiyo taya. Mashavu bonyeza kidogo kwa vidole viwili. Yasipofanana ndiyo vizuri zaidi.

fundi_mbezi (Dar es Salaam)

Zile tisa zilizolia wanja ulizitupa?

mama_pacha (Chicago)

Kwenye nyumba yenye pacha? Hazikufika hata asubuhi.